Chupa ya nazi katika nchi ya migomba

Ntobeye hakuna mnazi. Kata hiyo ya wilaya ya Ngara iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katika vilima vya mpakani ambako asubuhi mtu hutoka nje akiwa amejifunika koti. Mnazi ni mti wa joto, mchanga na upepo wa chumvi. Hata ukiupanda kule kwa ubishi, utakupa majani tu. Mti wa Ntobeye ni mgomba, na pombe ya Ntobeye ni ya ndizi.

Sasa msikilizaji wetu mmoja wa huko Ntobeye ameniletea swali ambalo limenikalia kichwani kwa wiki nzima. Alikwenda Mwanza kwenye harusi ya jamaa yake, akapewa bilauri ya kinywaji cheupe, kitamu, chenye barafu na kipande cha nanasi ukingoni. Kilinukia nazi. Akaambiwa hiyo ni ramu ya nazi kutoka ng'ambo. Anauliza mambo mawili. La kwanza, je, hilo nalo ni tembo, kama lile la watu wa pwani? La pili ni zito zaidi. Anasema mama yake alimsomesha kwa pombe ya ndizi, na mara mbili mama huyo alilala mahabusu kwa sababu ya gongo. Anataka kujua, hiyo pombe kali ya nazi ina nini cha ziada hata ikae mezani mbele ya mgeni rasmi, wakati ya mama yake ilimwagwa chini.

Tuanze na lililo rahisi. Hapana, ndugu yangu, hilo si tembo. Tembo hugemwa. Mgema hupanda mnazi, hukata ncha ya kole ambalo halijafunguka, hufunga kibuyu, na maji matamu hudondoka humo usiku na mchana. Maji hayo huanza kuchachuka yakiwa bado juu ya mti, kwa chachu ya asili iliyomo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe. Asubuhi ni tembo tamu, jioni ni kali, na ukilisahau siku mbili tatu unapata siki ya kutilia kachumbari. Hayo ndiyo maisha yote ya tembo. Halina uwezo wa kusafiri, na ndiyo maana mtu wa Ngara anaweza kuishi miaka 60 bila kulionja.

Ramu ni jambo jingine kabisa. Ramu hutokana na muwa, na aghalabu si na muwa wenyewe bali na molasesi, ule uji mweusi mzito unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa. Unachachuliwa, unachemshwa, mvuke wake unapoozwa, unapata pombe kali isiyooza. Hiyo ramu ya nazi aliyoonja msikilizaji wetu, kwa kawaida, ni ramu nyeupe ya molasesi iliyoongezwa maji, sukari na ladha ya nazi. Iliyo maarufu kuliko zote duniani ni Malibu, yenye chupa nyeupe iliyochorwa minazi na jua linalozama. Hutengenezwa kwa ramu ya kisiwa cha Barbados, ilianza kuuzwa kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na tangu 2005 iko mikononi mwa kampuni ya Kifaransa ya Pernod Ricard. Nguvu yake ni asilimia 21, yaani karibu nusu ya ramu ya kawaida. Kilevi kimetoka kwenye muwa. Nazi imeleta harufu tu.

Lakini hiyo harufu imefikaje Barbados? Hapa, msikilizaji, ndipo hadithi inapotuhusu.

Minazi ya visiwa vya Karibi haikuwa huko tangu mwanzo. Mwaka 2011 wataalamu waliochunguza chembe za urithi za minazi ya dunia nzima walieleza kwamba mti huu ulianza kulimwa na binadamu katika sehemu mbili tofauti, pande za Pasifiki na pande za Bahari ya Hindi, na kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Waliyoibeba ni Wareno. Vasco da Gama alipita Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498, na baada ya njia hiyo kufunguka, nazi zilipelekwa visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko zikavuka hadi Karibi katika karne ya 16. Mnazi unaochorwa kwenye chupa ile, basi, babu yake ni wa bahari yetu.

Muwa nao ulikuwa mgeni. Asili yake ni Guinea Mpya, ukapita India, ukachukuliwa na Waarabu hadi Mediterania, na Columbus akaupeleka Karibi katika safari yake ya pili ya mwaka 1493. Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka 1627, na haikuchukua muda kisiwa kizima kikawa shamba la miwa. Wafanyakazi wake walikuwa Waafrika waliokamatwa na kuuzwa. Kiwanda cha Mount Gay kisiwani humo kina hati ya mwaka 1703. Ramu hiyo ililewesha mabaharia wa Kiingereza kwa zamu, kila siku kipimo chao, mpaka tarehe 31 Julai 1970 jeshi la majini la Uingereza lilipoifuta posho hiyo. Na ramu hiyohiyo, pamoja na ile ya Marekani ya Kaskazini, ilirudishwa Afrika Magharibi kwa mapipa kununulia watu wengine. Mtu aliuzwa, akalima muwa, muwa ukatoa ramu, ramu ikamnunua ndugu yake.

Usidhani hayo ni ya Afrika Magharibi peke yake. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Reunion. Visiwa hivyo baadaye vilifunikwa na miwa kutoka ufuko hadi mlimani, na ramu ikawa kinywaji chao. Jirani yao Madagaska ana kinywaji kiitwacho punch coco, ramu iliyochanganywa na tui la nazi na maziwa ya kopo, ambacho watu hujitengenezea nyumbani bila kumngoja mtu wa Barbados. Kwa hiyo ndoa ya ramu na nazi imefungwa pia huku kwetu, upande wa pili wa mlango wa bahari wa Msumbiji, na wengine wa waliolima miwa ile walitoka bara, njia ya Kilwa.

Kuhusu vile vinywaji vya kuchanganya, ambavyo mabaa ya mijini huviita kokteli, sitakaa sana. Mashuhuri kuliko vyote vya nazi ni piña colada ya Puerto Rico. Inasemekana ilichanganywa kwanza mwaka 1954 na mhudumu wa baa Ramón Marrero katika hoteli ya Caribe Hilton mjini San Juan, ingawa wapo wanaobisha na kudai sifa hiyo wao. Ni ramu, maji ya nanasi na tui zito lenye sukari. Tui hilo la kopo lilibuniwa na Ramón López Irizarry wa huko huko Puerto Rico, aliyetafuta njia ya kulikamua kwa wingi kiwandani. Akapata utajiri kwa kazi ambayo mama yeyote wa Tanga huifanya kabla ya saa sita mchana kwa mbuzi na kifumbu, na hakuna aliyemwita mgunduzi. Mwaka 1978 Puerto Rico ilikitangaza kuwa kinywaji rasmi cha nchi. Ramu ya nazi ya chupa ilikuja kumrahisishia kazi mhudumu: asikune nazi, asichuje, amimine tu juu ya barafu na kuongeza maji ya nanasi. Ndicho alichopewa msikilizaji wetu Mwanza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa baa hutia maji hata kabla ya kusifiwa, na bei inapanda.

Afrika Mashariki nasi tunayo yetu. Nairobi walitupa kokteli iitwayo Dawa, vodka kwa ndimu, asali na barafu, ambayo jina lake linahusishwa na mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980. Ikivuka mpaka kuja Tanzania, vodka hutolewa na Konyagi huingia. Na Konyagi, kwa wasiojua, nayo ni mtoto wa molasesi, ingawa jina lake limeazimwa kutoka Cognac, mji wa Ufaransa unaotengeneza pombe kali ya zabibu.

Turudi Kagera sasa, maana swali la pili bado halijajibiwa.

Ndizi nazo ni wageni waliozoea. Zilitoka Asia ya Kusini Mashariki, zikaingia Maziwa Makuu zamani mno hata tukazisahau kama wageni. Speke alipokaa kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe, kati ya mwisho wa 1861 na mwanzo wa 1862, alikuta pombe ya ndizi ni sehemu ya heshima ya nchi, na maandishi yake yameitaja. Wahaya huiita rubisi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda huitwa urwagwa na Burundi huitwa urwarwa, na lugha ya Wahangaza wa Ngara ni ndugu wa damu wa lugha hizo. Haishangazi. Sehemu ya Ngara iitwayo Bugufi ilikuwa ya ufalme wa Burundi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana mali ya Mjerumani, ikabaki Tanganyika. Mpaka ulikatwa, lakini pombe ikabaki moja.

Namna ya kuitengeneza haihitaji mtambo. Ndizi za pombe, ambazo si zile za kupika, hukatwa zikiwa zimekomaa na kuvundikwa shimoni kwa siku kadhaa, zikifunikwa kwa majani ya mgomba. Zikishaiva humenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi katika mtumbwi wa mti, mpaka maji yake matamu yajitenge. Unatia maji, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika, unalala. Kesho yake kuna pombe. Keshokutwa ni kali, na siku chache baadaye haifai. Umeona, msikilizaji? Ni maisha yaleyale ya tembo. Posa haikuzungumzwa bila mtungi, shamba halikulimwa kwa ushirika bila mtungi, ugomvi haukusuluhishwa bila mtungi. Na mtungi ulitakiwa unywewe papo hapo na wote, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kuuficha kabatini hadi mwaka ujao.

Ukiichemsha pombe hiyo na kukusanya mvuke wake, unapata gongo, ambayo watu wa Kagera huiita nkonyagi. Hii haiozi. Inaweza kuingia ndani ya dumu, ikapanda basi, ikalala Biharamulo na kuamkia Mwanza. Kwa mwanamke mwenye migomba na watoto shuleni, tofauti hiyo ni kubwa mno. Rubisi lazima iuzwe leo kwa bei yoyote mnunuzi anayotaka. Gongo inaweza kungoja hadi siku ya karo.

Kwa nini basi iliwekewa askari? Sheria hiyo ina mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana, pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya watumwa, kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika ambako pombe kali ilikuwa haijaingia, isiingizwe wala isitengenezwe. Mwaka 1919, huko Saint-Germain nchini Ufaransa, mataifa yaliyoshinda vita yaliandikiana mkataba mwingine wa namna hiyo. Na Mwingereza alipopewa Tanganyika kuitunza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, moja ya masharti lilikuwa kudhibiti kwa ukali biashara ya pombe kali.

Siwezi kusema nia yote ilikuwa mbaya. Wamishonari waliopigania mikataba hiyo walikuwa wameona ramu ilivyofanya Afrika Magharibi. Lakini ukisoma namna sheria ilivyotumika, utaona mstari ulichorwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni bila kubughudhiwa. Mwafrika aliruhusiwa pombe ya kienyeji tu, tena mijini aikute katika vilabu vyenye leseni, vilivyokuwa chini ya macho ya serikali. Hata bia ya chupa ilikuwa na mwenyewe. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, kiwanda cha bia cha Dar es Salaam mwaka 1933, lakini ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo Mwafrika wa kawaida alipoanza kufunguliwa mlango wa bia ya chupa, na wa pombe kali ulichelewa hadi miaka ya 1950. Kwa njia, bia ya Tusker ilipewa jina hilo kwa sababu mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka 1923. Tembo mnyama akapata chupa, tembo la mnazi likabaki kwenye kibuyu.

Uhuru ulipokuja, ungetegemea mambo yageuke. Yaligeuka nusu. Uganda ilipitisha sheria ya enguli mwaka 1965. Enguli ni gongo yao ya ndizi. Wanakijiji wenye leseni walitakiwa kuipeleka kiwandani ikachemshwe upya na kusafishwa, na humo ikazaliwa Uganda Waragi, ambayo leo iko kwenye mabaa ya hoteli kubwa pamoja na hizo ramu za nazi. Tanzania ilifuata mwaka 1966 na sheria yake ya utengenezaji wa moshi, ambalo ndilo jina la gongo mahakamani: kuitengeneza, kuiuza au kupatikana nayo bila leseni ni kosa. Karatasi za nchi hizi mbili zilifanana sana. Tofauti ni kwamba ndizi ya Uganda ilipata jina lake kwenye chupa, na ya Kagera haikupata. Chupa yetu ya taifa ikajazwa molasesi. Kenya ilichagua njia ngumu zaidi, ikapiga marufuku chang'aa kabisa mwaka 1980, na baada ya miaka 30 ya kukimbizana, sheria mpya ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti.

Nisieleweke vibaya. Gongo imeua, na yeyote anayesema vinginevyo hajakaa kwenye msiba. Novemba 2000 mjini Nairobi pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100. Aprili 2010 huko Kabale, Uganda, si mbali sana na Kagera kwetu, waragi bandia yenye sumu hiyohiyo iliua watu wapatao 80. Methanoli haionekani, hainuki tofauti, na hupofusha kabla ya kuua. Lakini tuangalie inatoka wapi. Katika mikasa mikubwa ya namna hii, methanoli hutoka kwenye mapipa ya viwandani na kuchanganywa na wafanyabiashara wanaotaka faida ya haraka. Haikukamuliwa kwenye mtumbwi wa ndizi. Na chupa yenye lebo nayo si malaika. Tarehe 1 Machi 2017 serikali yetu ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, ambavyo vilikuwa halali kabisa, vimelipiwa kodi, na vilikuwa vinaishia mifukoni mwa wanafunzi.

Hivyo ndugu yangu wa Ntobeye, jibu la swali lako la pili ni hili. Chupa ile ya nazi haina kilicho bora kuliko ndizi ya mama yako isipokuwa vitu vitatu: kipimo, lebo na muhuri wa kodi. Kila chupa ina nguvu ileile ya chupa iliyotangulia. Ukidhurika, unajua wa kumshitaki. Na serikali imeshachukua chake. Hayo matatu si madogo, siyadharau. Lakini hakuna hata moja kati yake linalotoka kwenye mnazi, na hakuna hata moja ambalo mgomba hauwezi kupewa. Arusha wameonyesha kwa upande wa divai: tangu miaka ya 1990 kampuni ya Banana Investments imekuwa ikiuza divai ya ndizi kwa jina la Raha, yenye chupa na lebo, na polisi hawana habari nayo. Na Kagera yenyewe ina kiwanda cha sukari huko Missenyi, kwenye mashamba yaliyoporwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na kufufuliwa baadaye. Mkoa huu una ndizi na una molasesi. Uchache wa malighafi hauwezi kuwa sababu.

Ila kuna jambo moja la haraka kuliko leseni. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera, ukitokea upande wa Uganda, na ukasambaa wilaya kwa wilaya. Unashambulia migomba ya kila aina, lakini zile za pombe huathirika upesi zaidi, kwa sababu wadudu huchukua ugonjwa kwenye ua la kiume na kuupeleka mgomba mwingine. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani ni kahawia. Wataalamu wanashauri ua hilo liondolewe mapema, mara tu kichane cha mwisho kinapotokeza, na liondolewe kwa kijiti chenye panda. Usitumie panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa hadi mgomba mzima, na kama ni lazima ulitumie, lipitishe kwanza kwenye moto au dawa ya madoa. Mwambie mama.

Hadi wiki ijayo, wakati kama huu.